Barua ya wazi kwa mliosimama nyuma ya kaunta ya dawa

Wanangu wafamasia na watoa dawa,

Kwa umri wangu shikamoo ni deni lenu, nami naitikia marahaba kabla hamjaitoa ili tusipoteze muda. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 34, na 20 ya mwisho niliimalizia kliniki ya kisukari. Sasa nimestaafu, niko Tanga, nalea minazi mitatu na sukari yangu mwenyewe, maana ugonjwa niliokuwa nikiwahudumia wengine ulinipata nikiwa na miaka 57. Nawaandikia kwa sababu ya kalamu iliyo kwenye friji yangu.

Imelala mlangoni mwa friji, kati ya tui la nazi na chupa ya juisi ya ukwaju. Mgeni akiiona hudhani ni kalamu nene ya mwalimu. Ililetwa na mtoto wa marehemu dada yangu, binti anayefanya kazi Dar es Salaam. Harusi yake ikiwa imebakiza wiki saba, aliinunua famasi moja ambayo sitaitaja, kwa fedha inayozidi pensheni yangu ya mwezi. Hakuwa na cheti cha daktari, wala hakuulizwa. Aliyemuuzia aliifunga kwenye mfuko wa khaki, akamwambia, "Mara moja kwa wiki, dada," akamgeukia mteja wa nyuma yake.

Kalamu ile hutoa miligramu 1 kwa kila dozi. Dawa iliyomo ni semaglutaidi, na anayeianza huanza na robo miligramu, yaani 0.25, kwa wiki nne, kisha nusu kwa wiki nne nyingine, ndipo afikirie 1 kama bado anaihitaji. Mwanangu alianzia pale ambapo wengine hufika mwezi wa tatu. Alitapika tangu Ijumaa usiku hadi Jumanne. Siku ya kicheni pati yake, mashangazi wanamwaga mawaidha ya ndoa ukumbini, mwenye shughuli amelala chumba cha nyuma na dripu mkononi. Nusu ya wageni waliondoka na uhakika kwamba bibi harusi ana mimba.

Alipopata nafuu akaniletea kalamu yenyewe. "Mama Mkubwa, wewe una sukari, itumie wewe, dozi tatu bado zimo." Nilikataa. Kalamu ya sindano haichangiwi na watu wawili hata sindano ikibadilishwa, kwa kuwa damu kidogo huweza kurudi ndani yake, na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havijali undugu. Hilo nalo hakuna aliyemwambia.

Msidhani nimekuja kugomba. Nimegomba vya kutosha katika maisha yangu ya kazi, na ndiyo sababu ya pili ya barua hii.

Kliniki nilikuwa na sauti. Mama mmoja wa kilo 112 nilimwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, funga mdomo." Akanijibu kwa upole, "Sista, hata nikila nikashiba, njaa inaniamsha saa nane za usiku." Niliandika kwenye kadi yake kwamba hafuati masharti. Kila mwezi alirudi, kila mwezi nilimsema, hadi mwezi mmoja hakurudi tena. Mama yule alikuwa ananieleza namna mwili wake unavyofanya kazi, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko kitabu nilichosomea, na mimi sikumsikia.

Chakula kikifika kwenye utumbo, seli zilizo kwenye ukuta wake humwaga homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo ni tarishi. Hufika kwenye kongosho na kuliambia litoe insulini kwa kuwa sukari imepanda. Sukari ikiwa haijapanda, tarishi hunyamaza. Huliambia kongosho hilohilo lipunguze glukagoni, ambayo kazi yake ni kulisukuma ini limwage sukari kwenye damu. Hulichelewesha tumbo lisiteremshe chakula haraka. Kisha hupanda hadi kwenye sehemu za ubongo zinazosimamia njaa, na huko ujumbe wake ni mmoja: basi, imetosha. Kwa bahati mbaya tarishi huyu haishi zaidi ya dakika chache. Nusu yake huwa imekatwakatwa ndani ya dakika mbili hivi na kimeng'enya kinachomsubiri njiani.

Neno homoni lenyewe lina mikosi kwetu. Ukimwambia mwanamke wa Tanga kwamba semaglutaidi inaiga homoni hiyo, swali la kwanza ni kama itamfungia kizazi, maana homoni anayoijua ni ile ya sindano ya uzazi wa mpango. Mumewe atauliza kama ndiyo wanayopewa kuku wa kisasa. Mkiulizwa hivyo kaunta msicheke. Jibuni kwamba insulini pia ni homoni, na tumeidunga miongo mingi bila kumgeuza mtu kuku. Kuhusu kizazi, mambo huenda kinyume na hofu: mwanamke mnene ambaye hedhi zake zilivurugika akipungua uzito huweza kuanza kupevusha mayai tena, akashika mimba asiyoitarajia. Tirzepataidi, dawa ya jamii hiyohiyo iuzwayo kwa jina la Mounjaro, huweza pia kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, hasa mwanzoni na kila kipimo kinapopandishwa. Dawa hizi si za mjamzito, na semaglutaidi inatakiwa iachwe miezi 2 kamili kabla ya kutafuta mtoto. Mwanangu alikuwa anakwenda kuolewa. Swali moja tu la mfamasia, "Mnategemea mtoto lini?", lingeyafungua mazungumzo hayo yote.

Basi, wataalamu walihangaika kumpata tarishi anayedumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari John Eng, akifanya kazi katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, alikuta ndani ya sumu ya mjusi wa majangwa ya Marekani na Meksiko, anayeitwa Gila, kitu kinachofanana na GLP-1 lakini kisichokatika upesi. (Mjusi kafiri wa ukutani kwenu mwacheni, hana habari hizi.) Kutokana na ugunduzi huo ikaja eksenataidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005 na kudungwa mara mbili kwa siku. Huko Denmark, Lotte Bjerre Knudsen na wenzake wa kampuni ya Novo Nordisk walipita njia nyingine. Waliichukua homoni ya binadamu, wakaibadilisha kidogo na kuifunga kipande cha mafuta kinachoshikamana na protini ya damu iitwayo albumini, isikatwe haraka. Ikapatikana liraglutaidi ya kila siku, halafu semaglutaidi ya kila wiki. Kwa jina la Ozempic iliruhusiwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari aina ya 2. Mwaka 2021 dawa hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi na jina la Wegovy, ikaruhusiwa kwa ajili ya unene. Mounjaro ilifuata 2022, nayo huiga homoni mbili kwa pamoja.

Tarishi wa dakika mbili amegeuzwa tarishi wa wiki nzima. Wiki moja baada ya kudungwa, nusu ya semaglutaidi bado inazunguka mwilini. Ndiyo maana kutapika kwa mwanangu hakukukatika kwa tangawizi wala kwa kidonge cha kichefuchefu. Chakula kibaya ukikitapika kimetoka. Dawa hii ukishaibonyeza chini ya ngozi ya tumbo hakuna wa kuirudisha, na kosa la kipimo utakaa nalo kwa siku nyingi.

Na inafanya kazi, hilo silipingi. Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu 1,961 wenye unene au uzito uliozidi, wasio na kisukari, walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliodungwa semaglutaidi ya miligramu 2.4 walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa, wakishauriwa kuhusu chakula na mazoezi kama wenzao, walipungua asilimia 2.4. Yale mawaidha yangu ya kliniki, yakiwa peke yake, ndiyo hiyo 2.4. Kwa mama wa kilo 112, asilimia 14.9 ni kilo zinazokaribia 17. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi, wasio na kisukari, ulionyesha kwamba mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka 2024 ikaja habari ya figo: kwa wenye kisukari aina ya 2 na figo zilizokwisha kuumia, semaglutaidi ilipunguza hatari ya figo kuharibika vibaya, pamoja na vifo vya figo na vya moyo, kwa asilimia 24. Nimeshika mikono ya wagonjwa wanaotoka kusafishwa damu. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya barazani mpaka chai ikapoa.

Nilimtafuta yule mama nimwombe radhi. Niliambiwa alihamia kwa mwanawe Morogoro. Kama yuko hai na barua hii itasomwa karibu naye, aambiwe kwamba sista alikosea.

Upande wangu, basi, kosa lilikuwa kusema sana bila kusikiliza. Kosa la yule aliyemuuzia mwanangu ni kunyamaza. Sioni kama makosa hayo mawili yako mbali sana. Mimi nilimwona mnene kama mtu mwenye tabia mbaya, yeye alimwona kama mtu mwenye pochi, na sote wawili hatukumwona mgonjwa.

Wiki saba za kabla ya harusi ni muda wa kupungua kidogo na kutapika sana. Tuseme hakutapika, akapungua, gauni likamkaa. Baada ya hapo? Walioshiriki ule utafiti wa 2021 walifuatiliwa baadhi yao baada ya kuacha sindano, na mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Hakuna uchawi hapo. Tarishi ameondoka, njaa imerudi nyumbani kwake. Ni kama dawa ya presha: ukiiacha, presha haikumbuki kwamba uliwahi kuinywa. Anayeanza dawa hii aambiwe kabla ya kulipa kwamba ni safari ya miaka, na aulizwe kama ana nauli ya kurudia kila mwezi.

Nauliza ni kazi ngumu kiasi gani kumuuliza mteja anatumia dawa gani nyingine. Semaglutaidi ikiwa peke yake, au na metformini, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, kwa sababu ya ile tabia ya kunyamaza sukari ikiwa chini. Ikikutana na glibenklamidi, gliklazidi au insulini ya kudunga, hali ni nyingine, na mzee anaweza kukutwa ameanguka msalani alfajiri. Kipimo cha hizo nyingine inabidi kiangaliwe na daktari. Mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye macho yamekwisha kuguswa achunguzwe jicho kwanza, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla jicho huweza kuzidi kuumia. Aliyewahi kuumwa kongosho asidungwe kienyeji. Aliye na saratani ya tezi ya shingo ya aina adimu iitwayo medulari, au ndugu wa damu aliyeiugua, asiiguse kabisa. Anayeandaliwa upasuaji amwambie daktari wa usingizi, kwa sababu tumbo linaweza kuwa na chakula hata kama amefunga tangu jana. Na maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni hayasubiri miadi ya Jumatatu.

Kwa sisi wazee kuna jingine. Kilo zinazoondoka si mafuta matupu, sehemu yake ni misuli, na mzee aliyepoteza misuli hushindwa kuinuka mkekani. Anayetumia dawa hii hasikii njaa, kwa hiyo asipokumbushwa atashinda na chai kavu. Mwambieni ale dagaa, mayai, maharage, samaki, na abebe hata ndoo ndogo ya maji. Ikikaribia Ramadhani mwambieni azungumze na daktari wake mapema. Kutapika na kufunga kwa pamoja hukausha maji ya mwili, na figo ndizo zinazolipa.

Nije kwenye joto, maana hapa ndipo dawa ya Denmark inapokutana na Tanga. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala isigande, ikiganda hutupwa. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje chini ya nyuzi 30 kwa wiki 6 hadi 8, kadiri karatasi yake inavyosema. Chini ya nyuzi 30! Mwezi Februari chumba changu hakijawahi kusikia habari hizo. Sasa mtu anaagiza kalamu kwa simu, inapakiwa kwenye begi la bodaboda saa saba mchana, inapita juani, inafikia kwenye friji ya nyumba ambayo umeme umekatika tangu asubuhi. Ameilipia dawa, na pengine anadunga maji ya gharama. Mkiuza kalamu uzeni na mfuko wenye barafu, na mumuulize ataiweka wapi.

Wanaouza mitandaoni siwaandikii, kwa kuwa hawatanisoma. Nitasema tu kwamba Oktoba 2023 huko Austria watu kadhaa waliolazwa walikuwa wametumia Ozempic iliyoshukiwa kuwa bandia. Sukari yao ilianguka, wakapata degedege, na iliyoshukiwa kuwemo ndani ni insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia imepenya huko, mnadhani kalamu inayouzwa kwa picha ya kitambi cha kabla na baada imetoka wapi? Vivyo hivyo na chupa za unga wa kuchanganya mwenyewe nyumbani. Na majani ya chai yanayoitwa Ozempic ya asili ni majani ya chai. Homoni hii tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya yai. Hata kidonge chake halisi cha kiwandani kimewekewa kemikali maalumu ya kukivusha, na hunywewa tumbo likiwa tupu, kwa maji kidogo, kisha mtu asubiri nusu saa kabla ya kula.

Nisisahau watoto. Mama mmoja jirani alinifuata usiku akiwa na furaha: amesikia kuna sindano ya mara moja kwa wiki, basi mwanawe wa miaka 13 mwenye kisukari aina ya 1 atapumzishwa zile nne za kila siku. Nilimkalisha. Kongosho la mtoto yule halina insulini ya kutoa, hata aje tarishi gani. Ukimnyima insulini kwa ajili ya kalamu hii unamuua kwa siku chache. Kuna siku mama kama huyu atafika kaunta yenu kabla ya kufika kwangu.

Kwa nini nawaandikia leo? Kwa sababu bei inayowazuia wengi haitadumu. Watafiti walikokotoa na kuchapisha mwaka 2024 kwamba semaglutaidi ya mwezi mmoja inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida kwa chini ya dola 5, wakati Marekani bei yake rasmi ilikuwa inakaribia dola 1,000. Hataza zake kuu India na China zina ukomo wa 2026, na mnajua wenyewe dawa zilizojaa makabatini mwenu zinatoka wapi. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya 2 pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo na unene uliokithiri. Orodha hiyo haiwataji wenye harusi. Kalamu za bei nafuu zikifika, nataka wa kwanza kuzipata awe mgonjwa wa figo wa Muheza, na bima imlipie.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina kazi yake hapo, nayo ni taasisi ambayo mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefika daraja la tatu la udhibiti wa dawa, kwa hiyo sina shaka inaweza. Ila mkaguzi wa Mamlaka hayupo kaunta saa mbili usiku dada mwenye haraka anapoingia. Ninyi mpo. Daini cheti. Asiye nacho mpelekeni kwa daktari bila kumwaibisha, kwa maana aliyeaibishwa atakwenda kununua mtandaoni. Mwenye cheti mpeni dakika kumi. Na anayerudi akitapika mjazieni fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, iende Mamlaka, isiishie kuwa hadithi ya kicheni pati.

Mwanangu aliolewa, na gauni lilifunguliwa mshono pembeni na fundi wa Chumbageni kwa muda usiozidi saa moja. Sasa ana daktari, amepimwa, sukari yake iko mpakani, na wanajadiliana kama dawa inamfaa. Ikimfaa, ataanza na robo.

Mimi nimebaki na kalamu. Kwenye taka za nyumbani siitupi, kuna watoto wanaookota chupa. Chooni pia siitupi. Jumatatu asubuhi nitashuka mjini nayo, nimeiweka kwenye kopo gumu la maziwa ya unga na kifuniko chake, na nitaingia famasi ya kwanza nitakayoikuta wazi. Mnionyeshe mnapoziweka.

Mama Mkubwa wenu,
muuguzi mstaafu, Tanga